Siku Tisa za Mtungi

Yan Bochang alipotimiza miaka sabini na minne alikata shauri kuwa maji. Si kunywa maji wala kuchota maji, la. Kuwa maji! Alilitangaza jambo hilo mezani, kijiko cha uji wa mchele kikiwa kimesimama hewani nusu ya safari.

"Mama Ruolan," alimwambia mkewe, "maji hayashindani na mtu. Yanatafuta mahali pa chini, yanatulia. Na mimi kuanzia leo nimeacha kushindana."

"Ulishindana na nani, lini?" aliuliza mkewe huyo, Leng Suqiong. "Miaka thelathini na mitano umekata tiketi kituo cha mabasi. Hebu maliza huo uji, nataka bakuli."

Ndivyo ilivyoanza, na tangu siku hiyo Suqiong hakuonja raha. Jamani, mwanamume akistaafu si anaweza kufuga ndege? Si anaweza kucheza karata na wenzake mpaka giza liingie? Wa kwake alishika Njia, yale mafundisho ya kale ya kuishi kwa utulivu bila kushindana. Alijishonea suti ya hariri nyeupe, suruali yake pana ya kutosha watu wawili. Akafuga ndevu, nazo Suqiong alizihesabu siku moja mchana alipomkuta amesinzia kitini: kumi na moja. Kila asubuhi alisimama uani akisukuma hewa kwa viganja, polepole, mtu asiyejua angedhani kuna kabati zito mbele yake. Kisha huyo, nyumba ya chai kando ya daraja, kwa wazee wenzake saba waliovaa hariri na kuacha kushindana, ambao kila siku waligombania kiti cha dirishani.

Suqiong alikuwa na miaka sabini na miwili na hakuwa na nafasi ya kuwa kitu kingine chochote. Kulikuwa na mchele wa kuosha, nguo za kuanika, na sasa hariri nyeupe ya kufua, ambayo kama mnavyojua hushika madoa ya chai hata kwa kutazamwa tu.

Kilichomuudhi zaidi ni mafundisho ya kuletewa nyumbani. Bochang alikuwa amejifunza kwamba mtu anapokula, ale, anapotembea, atembee, moyo uwe palepale ulipo mkono. Basi akawa anakula karanga mojamoja, kila moja akiitafuna na kuitafuna mpaka Suqiong akatamani kumpiga na sahani.

"Hata kuosha vyombo ni ibada," alisema siku moja, ameegemea mlango wa jiko, "mtu akiosha huku anajua kwamba anaosha."

"Najua kwamba naosha. Nimejua miaka arobaini na minane. Wewe ndiye hujajua. Njoo ushike hii sufuria uanze ibada."

Bochang alitoa tabasamu lake jipya, lile la upole wa mlimani, akaenda zake chai.

Na uzee je! Hapo ndipo alipokuwa hashikiki. Uzee ni majira tu, alisema. Jani halilii linapodondoka. Mwili unabadilika na mwenye busara anabadilika nao bila kung'ang'ania. Alisema hayo akiwa ametoka kwa kinyozi, nywele zimepakwa rangi nyeusi tii, na nyingine imemchuruzika mpaka sikioni.

"Jani gani hilo linalopakwa rangi?" aliuliza Suqiong. "Nionyeshe mti wake."

Huyo ndiye mwanamume aliyekuwa naye. Lakini Suqiong alikuwa na kitu chake, nacho kilikaa kwenye stoo nyuma ya jiko, mahali pa giza na ubaridi. Kilikuwa mtungi mkubwa wa achari, wa udongo wa kahawia, unaomfika kiunoni. Maji ya chumvi yaliyokuwa ndani alichotewa na mama yake kutoka mtungi wa kwao siku ya kuolewa, na mama yake alipewa na mama yake. Hayakumwagwa kamwe. Yaliongezwa chumvi, pilipili, tangawizi changa, figili. Mboga ziliingia na mboga zilitoka, maji yakabaki. Shingo ya mtungi ilizungukwa na kijimfereji, na kifuniko chake ni bakuli lililofudikizwa ndani ya mfereji huo. Mfereji ukiwa na maji, hewa haipiti. Ukikauka, hewa inaingia, na ile achari ya miaka mia inaota utando mweupe, inanuka, inakufa. Kazi yenyewe ilikuwa kata moja ya maji kila asubuhi. Kazi ya dakika moja, ila haina sikukuu wala ugonjwa.

Mama yake Suqiong aliifanya miaka sitini. Mwaka alipofikisha sabini na mitano, mfereji ulikauka mara mbili. Watu wakacheka, wakasema bibi amesahau. Mwaka uliofuata alimwita Suqiong "shangazi", akamwomba kwa adabu amwelekeze njia ya kwenda kwao, naye alikuwa amekaa kwao, kwenye kiti chake mwenyewe, amevaa kandambili zake. Suqiong hakulisahau hilo. Kwake mtungi haukuwa chakula tu. Kila asubuhi mfereji ulipokuwa umejaa, alijua kwamba kichwa chake kingali chake.

Na ilibidi ajue, kwa sababu binti yao Ruolan, mwalimu wa shule kule Chengdu, alikuwa ameanza maneno. Mwanzoni mwa mwaka Suqiong aliunguza sufuria. Haya, nani hajaunguza sufuria? Kisha akaacha gesi wazi, jirani akaja mbio amejiziba pua. Tangu hapo simu zilikuwa wimbo mmoja. Chumba kipo, Mama. Ghorofa ya kumi na tisa, Mama, lifti ipo, kuna dada wa kupika.

"Ghorofa ya kumi na tisa nikafanye nini? Nikawapungie ndege mkono?"

"Mama, mimi silali kwa hofu."

"Sasa nisikilize," alisema Suqiong, na damu ilikuwa imempanda. "Tarehe tisa ya mwezi wa tisa, sikukuu ya wazee, njoo nyumbani. Utauangalia mtungi kwa macho yako. Ukikuta mfereji umekauka, napanda basi na wewe siku hiyohiyo, sibebi hata kijiko. Ukikuta umejaa, hiyo ghorofa yako hunitajii tena mpaka nife."

"Umesema mwenyewe, Mama."

"Nimesema mwenyewe."

Alikata simu akajiona ameshinda. Asingeshindaje? Mfereji haukuwahi kukauka mikononi mwake hata siku moja. Kila alipopita ulikuwa umejaa mpaka ukingoni, unang'aa.

Sasa, siku tisa za mwanzo wa mwezi wa tisa watu wa Njia hupanda hekaluni mlimani. Hawali nyama, hawali kitunguu saumu, wanasoma, wanakaa kimya, siku ya tisa wanashuka. Bochang alikuwa ameizungumzia safari hiyo tangu masika. Lakini usiku wa kuamkia safari ulipokaribia akawa anazungukazunguka jikoni, anashika hiki, anaacha hiki.

"Mama Ruolan, labda mwaka huu nisiende."

"Kwa nini? Maji yamepata baridi yabisi?"

"Nimefikiri tu. Ruolan anakuja. Na mtungi..."

"Mtungi una nini?"

"Hauna kitu." Alivutavuta ndevu zake kumi na moja. "Nilifikiri nikuandikie kikaratasi. Nikibandike mlangoni pa stoo. Kikukumbushe."

Loo! Suqiong aliweka kisu chini ili asije akafanya jambo la kumfikisha polisi.

"Unikumbushe mimi? Wewe? Mwezi uliopita umetoka hapa na kiatu cheusi kushoto na cha kahawia kulia, ulipoulizwa ukasema umevuka mipaka ya kushoto na kulia! Wewe ndiye wa kunikumbusha mimi mtungi wa mama yangu?"

"Nilisema tu."

"Nenda! Nenda kaelee huko mlimani. Ukibaki hapa nakutia mtungini pamoja na figili."

Asubuhi, kabla gari halijaja, Bochang aliingia stoo akakaa humo kitambo. Alipotoka alikuwa amemwaga maji sakafuni, na Suqiong alipiga deki huku akimtaja yeye na ukoo wake. Nje Mzee Pu alikuwa anapiga honi. Huyu Pu alikuwa mng'oa meno mstaafu, mwenye mdomo mchafu kuliko wote pale nyumba ya chai, na sasa eti naye mtafuta utulivu. Bochang aligeuka mlangoni mara mbili kutazama upande wa stoo. Akaenda.

Ah, siku tisa! Nyumba ilipumua. Suqiong alipika nguruwe kwa kitunguu saumu kingi, makusudi, akala mguu juu ya kiti. Hakuna aliyemweleza kwamba anakula. Alicheza karata na majirani wawili, akawasimulia habari za maji yanayokwenda hekaluni kwa gari ya kukodi, wakacheka mpaka mmoja akaomba kwenda msalani.

Kila asubuhi aliamka, akavaa aproni, akachukua kata, akaenda stoo. Siku ya tatu kata haikuwa mahali pake. Aliitafuta akaikuta ndani ya pipa la mchele. "Mwanamume huyu," alisema peke yake, "hata akiwa mlimani anaweza kunivuruga vitu." Siku nyingine, ya tano au ya sita, alitoka stoo na kitunguu saumu mkono huu na kata iliyojaa maji mkono huu. Alisimama jikoni akaitazama ile kata. Kisha akayanywa maji, kwa kuwa kweli alikuwa na kiu, akaendelea kumenya.

Ruolan alifika siku ya tisa kwa basi la asubuhi, na shada la krisanthemu za njano na boksi la keki za mchele. Alikuwa na miaka arobaini na sita na alianza kupata mikunjo ya baba yake.

"Mama umependeza."

"Nimepumzika. Baba yako hayupo. Twende."

"Ngoja hata ninywe chai."

"Utakunywa baadaye, ukiwa umeshindwa. Twende."

Suqiong alitangulia, akawasha taa ya stoo, akasimama kando mikono kiunoni ili mtoto apate kuona vizuri. Ruolan aliinama. Suqiong akangoja, kisha naye akainama.

Mfereji ulikuwa mkavu. Haukuwa umepungua, ulikuwa mkavu kabisa, na ukingoni pameganda mstari mweupe wa chumvi. Ndani yake alilala mende aliyekufa, miguu juu. Ruolan alinyanyua bakuli, na harufu ikawapiga wote wawili. Juu ya maji ya bibi na ya mama palikuwa na utando mnene, mweupe.

Suqiong alifungua mdomo. Alitaka kusema nimetia leo asubuhi. Aliiona kata mkononi, aliusikia mlio wa maji yakiingia mferejini, aliukumbuka vizuri sana. Akapitisha kidole ukingoni. Kidole kikatoka na vumbi.

"Mama," alisema Ruolan. Alisema kwa sauti laini kabisa, ile ya kumsemesha mtoto mwenye homa, na Suqiong aliona heri angepigwa kofi.

Wakati huohuo mlango wa mbele ukalia na sauti za wanaume zikajaa nyumbani. Wametoka mlimani. Bochang aliingia jikoni, suti yake imepata rangi ya matope, nyuma yake Mzee Pu na mwingine mmoja wa hariri, wote wakitaka chai. Suqiong akapata pa kushika.

"Huyu!" alipiga kelele. "Huyu ndiye! Aliingia humu siku ya kuondoka akachezea mtungi wangu! Muulize! Muulize alifanya nini humu!"

Bochang alifika mlangoni pa stoo. Aliutazama mfereji. Alimtazama mkewe, kisha binti yake, kisha mfuko wa safari wa Ruolan uliokuwa bado begani.

"Baba," alisema Ruolan, "uligusa mtungi?"

"Ni mimi," alisema Bochang.

"Ulifanya nini?"

"Nilimkataza mama yako asiuguse. Nilimwambia sisi tunafunga siku tisa, mtungi nao ufunge. Usitiwe kitu, usishughulikiwe, uachwe ujiendee wenyewe. Ndiyo Njia. Yeye alikataa. Nikamlazimisha, nikamwapisha."

Kisha Mzee Pu akaangua kicheko, akashika mlango asianguke.

"Mtungi ufunge! Mmesikia? Siku tisa katufundisha kuwa macho kwa kila tendo, kumbe nyumbani kafundisha mtungi! Ulipata utulivu, Mwalimu? Naona mtungi umeota na ndevu nyeupe, nyingi kuliko zako!"

Yule mwingine wa hariri alicheka mpaka machozi. Hawakungoja hata chai. Walikuwa na haraka ya kufika darajani kabla kisa hakijapoa, na ilieleweka kwamba kuanzia leo hakuna atakayemwita Bochang Mwalimu, ila kwa kumcheka.

Ruolan alikuwa amekasirika kweli. "Baba, mtungi wa bibi! Yaani ningejua! Mama namlaumu bure, kumbe wa kuhamia ghorofani ni wewe!" Alivua mfuko begani, akauweka chini. "Nakwenda dukani kuleta pombe kali ya mtama na chumvi. Tuutoe huu utando, tuone kama yatapona."

Akatoka. Wakabaki wawili, na mtungi.

Suqiong alikuwa amesimama palepale. Alikuwa anatafuta. Alipekua siku ile ya kuondoka kila upande: kisu, honi, deki, kikaratasi. Kiapo hakukiona. Lakini hata kata mkononi alikuwa ameiona, tena vizuri, na haikuwapo. Sasa hakujua. Hilo ndilo lililomtisha, kwamba hakujua.

"Uliniapisha?" aliuliza.

"Hapana."

"Usinidanganye."

"Sikukuapisha, Mama Ruolan. Sikusema neno."

"Ulipoondoka mfereji ulikuwaje?"

"Nilijaza mpaka ukamwagika."

Basi. Mfereji uliojaa unakaa siku nne, tano kukiwa hakuna upepo. Hakuna mtu duniani aliyelijua hilo kuliko yeye. Aliketi juu ya gunia la mchele.

"Tangu lini unatia wewe?"

Bochang alitazama chini. Hakuvuta ndevu, hakutabasamu lile tabasamu.

"Tangu mwezi wa tatu. Nilikuta umekauka, kidogo tu, nikatia. Kesho yake nikakuta tena. Basi nikawa natia ukiwa unachana nywele."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Miezi sita! Miezi sita alipita hapa akauona umejaa, akajisifu, akamdharau huyu mwanamume aliyetoka stoo dakika hiyo hiyo akaenda kusukuma hewa uani. Suqiong aliona hasira inamjia, na aliikaribisha kwa furaha, maana nyuma yake kulikuwa na kiti cha mama yake na kandambili za mama yake. Aliogopa.

"Na hukuniambia. Mdomo wako haufungi habari za karanga, hili hukuniambia."

"Ningesemaje?"

Mlango wa mbele ulilia. Ruolan alikuwa amerudi na chupa na pakiti za chumvi, amepata na ndoo kwa jirani. Suqiong alisimama. Neno lake alikuwa amelitoa mwenyewe, kwa simu, kwa sauti kubwa: umekauka, napanda basi. Ilitosha afungue mdomo sasa aseme kweli.

"Mtungi ufunge!" alipayuka, mpaka Ruolan akaruka kule jikoni. "Umesikia balaa hili, Ruolan? Mtu mzima, hovyo! Miaka sabini na minne, nywele za kopo, akili za kuku! Na mimi mjinga zaidi niliyemsikiliza! Lete hiyo pombe hapa. Wewe, bwana maji, shika ndoo!"

Bochang alishika ndoo. Ruolan alicheka, akatikisa kichwa, akaenda kutafuta upawa wa kuondolea utando. Suqiong alimsogelea mumewe mpaka akainusa ile hariri yenye matope.

"Kesho utaniamsha," alimwambia kwa sauti ya chini. "Utanishika mkono, utanileta hapa, nitatia mimi. Na kesho kutwa. Ukianza kunifundisha habari za maji, nakumwagia."

"Na siku utakayokataa kuamka?"

"Siku hiyo mwambie Ruolan kweli yote."

Bochang aliitika kwa kichwa, ndoo mikononi, na kwa mara ya kwanza tangu alipoishika Njia hakuwa na neno la kuongeza.